Hifadhi ya Picha za Hospitali Inapogoma: Dalili, Chanzo na Pa Kuanzia

Hifadhi ya picha za kitabibu haianguki kwa siku moja. Tatizo unaloitiwa leo usiku mara nyingi liliingia miaka minne iliyopita, siku mtu alipojaza makadirio kwenye jedwali la bajeti, au alipoandika jina la mashine kwa herufi ndogo mahali palipotaka kubwa.

Mwongozo huu ni wa anayebeba simu ya zamu: fundi wa TEHAMA, msimamizi wa PACS (mfumo wa kuhifadhi na kusambaza picha za kitabibu), au mkuu wa radiolojia ambaye ghafla anaulizwa habari za diski. Kabla hujagusa chochote, liweke lalamiko katika moja ya mafungu matatu. Picha haikufika, picha imefika ila haipatikani, picha inapatikana ila haifunguki sawasawa. Wodini watakwambia "picha imepotea" kwa yote matatu, na tiba zake hazifanani hata kidogo.

Nafasi inaisha mwaka wa pili, mpango ulikuwa wa miaka mitano

Hapa chanzo ni kimoja karibu kila mara: mpango ulihesabu wagonjwa, lakini diski zinajazwa na vipande, yaani picha moja moja zinazounda kipimo cha mgonjwa.

Picha moja ya CT ina nukta 512 kwa 512, kila nukta baiti mbili, kwa hiyo ni nusu megabaiti. Chukua mashine inayopima wagonjwa 40 kwa siku, kila mmoja vipande 800. Hizo ni GB 16 kwa siku, na kwa siku 300 za kazi ni TB 4.8 kwa mwaka. Sasa daktari wa radiolojia anaomba vipande vya milimita 1 badala ya 5, na ana sababu nzuri. Mgonjwa ni yuleyule, kifua ni kilekile, faili zimekuwa mara tano. Akiongeza awamu ya pili baada ya dawa ya kung'arisha mishipa, zidisha tena kwa mbili. Ripoti ya idadi ya wagonjwa haitaonyesha badiliko lolote.

Cha kufanya: toa kwenye hifadhidata ya PACS jumla ya GB kwa kila mwezi, kwa kila mashine peke yake, miezi 24 kurudi nyuma. Jumla ya hospitali nzima usiitumie, inaficha mengi. Utaona mstari wa mashine moja unapanda ghafla kwenye tarehe fulani. Mwulize mteknolojia wa mionzi kuhusu tarehe hiyo naye atakujibu bila kufikiri sana: ndiyo wiki protokali mpya ilipoanza, au mashine ya mammografia ya matabaka (picha za matiti tabaka kwa tabaka) iliposimikwa, au patholojia walipoanza kuskani slaidi. Hao wa patholojia waulize mapema, kwa sababu slaidi moja inaweza kufika gigabaiti kadhaa.

Kisha angalia kama faili zinabanwa. Kubana bila kupoteza, kwa JPEG Lossless au JPEG 2000, hupunguza picha nyingi hadi nusu au theluthi ya ukubwa wake. Ukikuta kila kipande cha CT bado kina nusu megabaiti kamili, jua hakuna kilichobanwa, na hapo umepata miaka bila kununua chochote. Kubana kwa kupoteza ni habari nyingine. Picha iliyopoteza taarifa hairudi ilivyokuwa, na tagi (0028,2110), moja ya vibandiko vya taarifa kwenye kichwa cha faili, hubaki na "01" kuonyesha hivyo. Huo ni uamuzi wa madaktari na sheria; fundi asiuchukue peke yake ili kuokoa diski.

Mwisho, soma ankara upya. Diski ya TB 10 huonekana kwenye kompyuta kama 9.09, kwa kuwa muuzaji anahesabu kwa elfu na mfumo unahesabu kwa 1024. Diski nane katika RAID 6 (mpangilio unaostahimili diski mbili kufa) zinakuachia sita za data. Na hifadhi inayojazwa kupita asilimia 85 huanza kusuasua. Kwa hiyo TB 80 zilizolipiwa zinakuwa kama 46 za kutumia kweli, kabla hata hujaweka nakala ya pili.

Mfumo unasema umejaa, na nafasi ipo tele

Hili huwachanganya hata wazoefu. Amri ya `df -h` inaonyesha diski iko wazi kwa zaidi ya robo tatu, lakini kila picha mpya inakataliwa kwa ujumbe kwamba hakuna nafasi. Andika `df -i`. Ukiona asilimia 100, kilichoisha ni inodi, yaani idadi ya mafaili ambayo mfumo unaweza kuyaorodhesha.

Kwenye ext4, mfumo wa mafaili wa Linux, idadi hiyo hupangwa siku diski inapoundwa. Aliyeiunda alisikia "picha za hospitali", akadhani kila faili ni kubwa, akachagua mpangilio wa mafaili makubwa unaotoa inodi moja kwa kila megabaiti. Kumbe kipande cha MRI cha 256 kwa 256 kina KB 128 tu. Kwa faili za namna hiyo inodi zinakwisha wakati sehemu ya nane ya diski ndiyo imetumika. Huwezi kuongeza inodi peke yake. Hamisha data, unda upya kwa uwiano unaofaa au tumia XFS, mfumo mwingine wa mafaili, kisha rudisha. Kwa muda, unaweza kufungasha mifululizo ya zamani kila mmoja katika faili moja, kama programu yako ya hifadhi inaruhusu.

Mashine inasema imetuma, hifadhi haina kitu

Fungua logi ya hifadhi saa ileile mashine inayodai ilituma. Kama hakuna hata mstari mmoja wa muunganisho, tatizo lipo njiani: jaribu C-ECHO (ujumbe wa kupima kama upande wa pili unajibu), kagua anwani, kagua poti (104 au 11112 ndizo za kawaida), kagua jina la AE, yaani jina ambalo mashine hujitambulisha kwalo mtandaoni. Jina hilo lina herufi zisizozidi 16, na "CT_DHARURA" na "ct_dharura" ni majina mawili tofauti.

Kama muunganisho upo na ukakataliwa, soma sababu. Mara nyingi mashine mpya inatuma aina ya kitu au namna ya kubana ambayo hifadhi haijasanidiwa kuipokea. Picha za kawaida zinapita, zile za pekee zinabaki nje, na hakuna anayeona hadi daktari atakapozihitaji.

Hatari zaidi ni pale mashine ilipotuma, ikajibiwa "nimepokea", kisha ikafuta nakala yake ili kupata nafasi. Jibu la C-STORE, yaani amri ya kutuma picha kwenye hifadhi, maana yake ni kwamba kitu kimepokelewa tu. Halisemi kwamba hifadhi imekubali kuwajibika nacho. Kwa kazi hiyo DICOM, kiwango cha pamoja cha picha za kitabibu, ina huduma ya Storage Commitment: mashine inauliza "je, hizi umezitunza?", na hifadhi inajibu kwa orodha. Mashine iruhusiwe kufuta baada ya jibu hilo tu.

Ukiiwasha huduma hii na majibu yasije kamwe, usikimbilie kuizima, kama wengi wanavyofanya. Jibu mara nyingi huja kwa muunganisho mpya unaoanzishwa na hifadhi kuelekea kwenye mashine. Faiawoli iliyofunguliwa upande mmoja italizuia, na hifadhi isiyo na anwani na poti sahihi ya mashine haitajua imjibu nani. Fungua njia ya kurudi, sajili mashine upande wa hifadhi, na foleni ya "zinasubiri uthibitisho" itaanza kupungua mbele ya macho yako.

Hata hapo, kila asubuhi linganisha hesabu. Mashine inajua ilizalisha vipande vingapi, na hifadhi inaulizika kwa tagi (0020,1208) ina vingapi kwa uchunguzi huohuo. 412 dhidi ya 412, endelea. 412 dhidi ya 409, tafuta vile vitatu leo, kabla mashine haijavisafisha.

Picha ipo, mgonjwa hapatikani

Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la hifadhi ya picha ni namba za utambulisho. Ningekuwa na bajeti ya kurekebisha jambo moja tu katika hifadhi yoyote, ningeiweka hapa, diski zingesubiri.

Anza kwa kutafuta kwa njia nyingine: tarehe na aina ya mashine, bila jina wala namba. Uchunguzi ukijitokeza chini ya jina lililokosewa au namba iliyopungua sifuri za mwanzo, chanzo ni kuandika kwa mkono. Mashine ambazo hazichukui wagonjwa kutoka kwenye orodha ya kazi ya kidijiti huzalisha makosa haya kila siku, hasa ultrasaundi za kubebwa na eksirei za wodini. Dawa ni kuziunganisha na orodha hiyo, na kuweka utaratibu wa dharura kwa mgonjwa asiyejulikana: namba ya muda inayotoka mahali pamoja, na mtu mwenye jukumu la kuioanisha na namba halisi kabla zamu haijaisha.

Ukikuta mgonjwa mmoja ana namba mbili, angalia kama ujumbe wa kuunganisha, yaani A40 wa HL7 (lugha ya mifumo ya hospitali kupeana taarifa), unafika kwenye hifadhi. Mapokezi wanaunganisha kwenye mfumo wa wagonjwa na wanaamini kazi imekwisha. Kama ujumbe unaishia kwenye mfumo wa ripoti, hifadhi ya picha itabaki na watu wawili milele.

Ukikuta kinyume chake, wagonjwa wawili katika jalada moja, simamisha kila kitu. Hutokea hospitali mbili zinapounganisha hifadhi na kila moja ilikuwa na mgonjwa namba 10452. Tagi (0010,0021) ipo kwa ajili ya kusema namba imetolewa na nani, na inatakiwa kujazwa *kabla* ya kuunganisha. Baada ya hapo inakuwa kazi ya kukaa na kusoma jalada moja baada ya jingine.

Kuna hii nyingine ya kimya kimya: namba ya ombi la kipimo. Tagi (0008,0050) inabeba herufi 16 tu. Mfumo mpya wa ripoti ukitoa namba za herufi 18, mbili za mwisho zinaweza kukatwa njiani, na ripoti haitaipata picha yake, au mbaya zaidi, itapata ya jirani. Dalili yake ni kwamba matatizo yote yalianza siku moja, kwa mashine zote kwa pamoja.

Picha za zamani zinachukua dakika nzima kufunguka

Usibishane kuhusu mtandao kabla hujapima. Soma faili moja kubwa moja kwa moja kwenye seva ya hifadhi. Kisha isome kutoka kompyuta ya daktari. Kisha ifungue kwa programu ya kutazamia. Hatua ambapo muda unaruka ndipo tatizo lilipo.

Ikiwa ni ya kwanza, picha huenda imehamishiwa kwenye tabaka la polepole: tepu, au daraja la baridi la wingu ambalo hutoa faili baada ya saa kadhaa. Hilo si kosa, ilimradi mtu alipanga kuzivuta mapema. Mgonjwa wa kesho yupo kwenye orodha ya miadi leo, kwa hiyo picha zake za zamani zivutwe usiku. Ikiwa ni ya pili, kiungo cha gigabiti 1 hubeba kama MB 100 kwa sekunde kikiwa chako peke yako, na saa nne asubuhi si chako peke yako. Ikiwa ni ya tatu, kagua programu ya kuzuia virusi: je, inakagua upya kila kipande kati ya vipande 2,000 kinapofunguliwa? Nimeona malalamiko ya miezi yakiisha kwa kuondoa folda moja kwenye ukaguzi huo, kwa idhini ya watu wa usalama.

Picha inafunguka nusu, au ina mistari

Kwanza fungua nakala ya pili ya faili hiyohiyo. Ikiwa nzima, faili ya kwanza imeharibika diskini au wakati wa kunakiliwa. Ikiwa zote mbili zina kasoro ileile, ulinakili uharibifu, au picha ilifika hivyo kutoka kwenye mashine.

Biti moja ikigeuka katika picha isiyobanwa, nukta moja inabadilika na huenda hakuna atakayeona. Katika picha iliyobanwa, biti hiyohiyo inaweza kuvuruga kila kinachofuata. Biti ikigeuka kwenye kichwa cha faili, haitafunguka kabisa. Baiti 128 za mwanzo ni nafasi ya utangulizi, na zinazofuata zinatakiwa kusomeka "DICM". Zisiposomeka hivyo, faili imeumia au si ya DICOM.

RAID peke yake haitakuokoa hapa. Inajua diski iliyokufa. Haijui diski inayosema uongo. Andika cheksamu (alama ya kidijiti inayobadilika faili ikibadilika) ya kila faili, njia ya SHA-256 inatosha, siku inapoingia, na uihifadhi mbali na faili yenyewe. Kisha kila mwezi pitia sehemu ya hifadhi ukilinganisha, hadi yote ipitiwe ndani ya mwaka. Faili isiyolingana irudishwe kutoka nakala nzima siku hiyohiyo. Usisubiri: diski ya TB 16 ikifa, kuijenga upya kwa MB 150 kwa sekunde kunachukua karibu saa 30 bila kazi nyingine, na muda wote huo diski zilizobaki zinasomwa mwanzo hadi mwisho. Ndipo maeneo mabovu ambayo hayajaguswa kwa miaka hujitokeza. RAID 5, inayostahimili diski moja tu kufa, ikikutana na hali hiyo haina akiba tena. Ndiyo sababu hifadhi kubwa huwekwa RAID 6 au zaidi.

Mfumo mpya umewashwa, mishale na majina sahihi vimetoweka

Daktari alichora mshale na kupima uvimbe mwaka 2019. Picha imehamia salama, mshale haupo. Maana yake mshale haukuwahi kuwa DICOM. Mfumo wa zamani uliuweka kwenye hifadhidata yake kwa lugha yake wenyewe. Michoro iliyowekwa kama Presentation State na vipimo vilivyowekwa kama Structured Report huhama pamoja na picha; vingine vinabaki. Kama mfumo wa zamani bado unawaka, mdai muuzaji avitoe kwa miundo hiyo. Kama umeshazimwa na diski zimefutwa, hakuna cha kurudisha. Swali hili liwekwe kwenye mkataba wa *kununua* mfumo, kwa sababu siku ya kuondoka muuzaji hana haraka nawe.

Majina yaliyokosewa yanayorudi nayo yana asili kama hiyo. Mifumo mingi, ukirekebisha jina la mgonjwa, hubadilisha hifadhidata tu na kuacha kichwa cha faili kama kilivyofika. Kwenye skrini kila kitu ni safi kwa miaka kumi. Aliyehamisha kwa kunakili mafaili moja kwa moja kutoka diskini, kwa kuwa ni haraka, ameleta makosa yote ya miaka kumi yakiwa mabichi. Chukua uchunguzi unaojua ulirekebishwa, soma faili lake kwa `dcmdump`, programu ya kusoma vichwa, linganisha (0010,0010) na (0010,0020), yaani jina na namba ya mgonjwa, na kinachoonekana kwenye skrini. Zikitofautiana, hamisha kwa kuuliza mfumo wenyewe kwa C-MOVE, amri ya kuomba picha zitumwe, ikiwa unasahihisha vichwa wakati wa kutuma, au beba jedwali la marekebisho na ulitumie njiani.

Njia hiyo ni ya polepole, na ratiba ikubali hivyo. TB 100 kwa MB 100 kwa sekunde ni siku 11 na nusu kwa hesabu ya karatasi, na seva ya zamani inayohudumia madaktari mchana haitafika kasi hiyo. Anza na picha mpya kwenda za zamani, ili zinazohitajika zaidi ziwahi.

Nakala rudufu zipo, hazirudi

Ripoti ya kila usiku ni ya kijani, na siku ya kurudisha inagundulika kwamba picha zilinakiliwa bila hifadhidata. Inawezekana kuijenga upya kwa kusoma vichwa vya faili moja moja, lakini kwa mamilioni ya faili hiyo ni kazi ya siku nyingi, na yale marekebisho ya majina yaliyokuwa kwenye hifadhidata tu hayatarudi. Nakili vyote viwili, vikiwa vya wakati uleule.

Visa vingine ni vifupi. Ufunguo wa usimbaji ulikuwa kwenye seva ileile iliyokufa. Au tepu ni nzima lakini kisomaji hakipo: kisomaji cha LTO-8 (kizazi cha nane cha tepu za LTO) kinasoma LTO-7 na hakisomi LTO-6, wakati vizazi vya kabla yake vilizoea kusoma vizazi viwili nyuma. Anayepanga kwa miaka 20 apange pia kuhamisha tepu mara kadhaa ndani ya miaka hiyo, na aweke fedha zake tangu mwanzo.

Halafu kuna programu za kudai fidia, zinazofunga mafaili hadi ulipe. WannaCry ilipopita mwezi Mei 2017 na kuvuruga hospitali za NHS, huduma ya afya ya umma nchini Uingereza, ilienea kupitia kompyuta za Windows ambazo hazijasasishwa, na mashine za picha huwa ni miongoni mwa zinazokaa bila kusasishwa muda mrefu. Nakala inayofikika kwa akaunti ileile ya msimamizi itafungwa pamoja na asili. Nakala tatu, aina mbili za vifaa, moja nje ya jengo: kanuni hiyo bado ni nzuri. Ongeza nakala isiyoweza kubadilishwa na mtu yeyote hadi muda wake uishe, yenye akaunti zisizotumika mahali pengine popote.

Kupima ni rahisi. Kila robo mwaka chagua mgonjwa mmoja wa mwaka wa mbali, rudisha uchunguzi wake kwenye seva tupu, na mwombe daktari aufungue. Andika ulichukua saa ngapi.

Picha zilizofutwa zinarudi, au hakuna kinachofutwa kabisa

Mteknolojia alifuta picha iliyopigwa kwa mgonjwa asiyehusika. Wiki ijayo ipo tena. Aliifuta kwenye PACS, wakati hifadhi ya muda mrefu ilibaki nayo, na mtu alipoomba picha za zamani ikashuka tena. IHE, shirika linaloelekeza jinsi mifumo ya hospitali inavyoshirikiana, ina wasifu wa IOCM kwa jambo hili: kufuta kunatumwa kama taarifa ya kukataa, na kila mfumo unaoielewa unaificha picha hiyo. Kama mojawapo ya mifumo yako haiielewi, kufuta lazima kufanyike pande zote kwa mkono, kwa orodha iliyosainiwa.

Na kama hakuna kinachofutwa hata baada ya muda wa kisheria kupita, chanzo mara nyingi ni kwamba muda wenyewe haukuandikwa popote ambapo kompyuta inausoma. Sheria hutofautiana kwa nchi na kwa aina ya picha. Marekani, kwa mfano, inataka mammografia itunzwe miaka 5 angalau, au 10 ikiwa mgonjwa hakupigwa nyingine hapo, na picha za watoto kwa kawaida huhesabiwa kuanzia utu uzima. Kanuni ya kufuta kwa tarehe ya uchunguzi peke yake itafuta picha za mtoto mapema mno. Iandike itumie tarehe ya kuzaliwa, aina ya picha, tarehe ya mwisho mgonjwa kuonekana, na alama ya kuzuia kwa kesi zilizoko mahakamani. Iendeshe kwanza kwa mwezi mzima ikiorodhesha tu bila kufuta, orodha ikapitiwe na radiolojia, ndipo uiwashe.